Ngonjera isingoje mgeni rasmi

Shuleni kwetu sanaa inakumbukwa mgeni rasmi akishathibitisha kuja. Hapo ndo utasikia mwalimu tafuta watoto kumi wa ngonjera, wavae kanga, wamsifu mkuu wa wilaya, wapewe soda, basi, tukutane mahafali ya mwakani. Mi nafundisha historia na uraia na naona tunaichezea mali.

Sio kwamba naibeza ngonjera. Mshairi mzee Mnyampala alipozivumisha miaka ya 60 zilikuwa darasa kabisa, Azimio la Arusha limetoka 1967 na watu wanatakiwa waelewe ujamaa ni kitu gani, basi mmoja anauliza kwa vina mwenzie anajibu kwa vina mpaka yule asiyejua anakubali. Kwa kukaririsha hamna inayoifikia, mtoto anayesahau hadi daftari lake atakughania beti sita bila kukosea. Shida yangu iko hapo kwenye kukubali. Ngonjera ikianza tu ushajua nani anashinda, kwa hiyo inafaa jambo ambalo jibu mnalo tayari, ila Maji Maji, vita vya mababu dhidi ya Wajerumani, je?

Maji Maji niliianza kwa ngonjera, ikanoga, mtihani wakaandika vizuri 1905 mpaka 1907, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza ilikuwaje watu wazima na akili zao waamini risasi itageuka maji. Mwaka uliofuata beti nikaweka pembeni, nikaweka kiti mbele ya darasa, binti mmoja akakaa pale ndo Kinjeketile wa Ngarambe, yule mganga aliyegawa maji, wenzake muulizeni chochote. Hana cha kukariri, ana alichosoma na kichwa chake tu. Kipindi dakika 40, watoto 80, wengine wamepanda madawati, mwalimu wa hesabu wa darasa la jirani akaja kuchungulia kama kuna ugomvi.

Mbrazili Augusto Boal, mtu wa maigizo, yeye alienda mbali zaidi, igizo likiendelea mtazamaji anasema simama hapo hapo, anaingia jukwaani na kuigiza ile nafasi anavyoona yeye. Vikundi vya sanaa shirikishi huku kwetu wanaitumia. Hiyo siipeleki Maji Maji hata kidogo, watoto watashinda vita ambayo mababu hawakushinda (raha kwao, historia kwisha). Naiweka kwenye uraia. Mfano tangu 2021 binti aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shule, haya, siku ya kwanza anaingia darasani, nani anacheka, nani anampisha dawati? Habari hiyo nilishawasomea wakasinzia. Kwenye igizo wavulana wawili waligombania nani aingie kubadilisha kile kipande.

Ila nirudi kwenye kile kiti. Kijana mmoja wa nyuma kabisa, ambaye huwa haongei, akauliza, "Babu, na wewe mwenyewe ulikuwa unayaamini hayo maji?" Yule binti akakaa kimya weee, mpaka nikataka kumwokoa, af akasema, "Bila maji, Mmatumbi na Mngindo ungewaweka wapi pamoja?"

Wajerumani walimnyonga Kinjeketile Agosti 1905, vita ndo kwanza vimeanza. Binti alikuwa analijua hilo, na aliyeuliza alikuwa analijua, darasa zima halikucheka.