Mwalimu ndiye anayekopesha

Mei Mosi ikikaribia, mjadala wa mshahara wa mwalimu hurudi na sura yake ileile: huku wanataja asilimia, kule wanataja bajeti. Mwaka 2025 pale Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kima cha chini serikalini kipande kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, kuanzia Julai. Mtaani ikawa, "Walimu mmeongezewa, sasa fundisheni." Mwenye nyumba naye alisikia. Lakini kima cha chini si mshahara wa mwalimu. Hata wa cheti anayeanza kazi alikuwa tayari juu ya hiyo 370,000. Ndivyo ilivyokuwa 2022 pia. Ilitangazwa asilimia 23.3, na mishahara ya Julai ilipotoka wengi wakakuta nyongeza kiduchu, hadi serikali ikabidi ieleze kwamba asilimia ile ni ya kima cha chini na hupungua kadiri mshahara unavyopanda.

Wanaosema serikali haiwezi kuwaridhisha walimu wana hoja nzito. Walimu wa shule za umma Tanzania ni zaidi ya 250,000. Mwongeze kila mmoja shilingi 100,000 tu, unatafuta bilioni 25 kila mwezi, bilioni 300 kwa mwaka, na hapo wauguzi, polisi na maofisa ugani hawajabisha hodi. Kisha kuna foleni nje ya mlango. Zilipotangazwa nafasi za ualimu zisizofika 15,000, waombaji walizidi laki mbili. Kijana aliyemaliza chuo 2015 na leo anaendesha bodaboda, ukimweleza shida za mwalimu mwenye ajira ya kudumu, atakusikiliza kwa adabu tu.

Wana pia mfano wa Indonesia, ambako sheria ya 2005 iliwapa walimu wenye cheti maalumu posho inayolingana na mshahara wao wa msingi. Watafiti walipopima, matokeo ya wanafunzi hayakusogea. Mfano huu hunukuliwa sana, ila nusu. Utafiti huohuo ulionyesha kuwa walimu waliacha vibarua vya pembeni na wakapungukiwa na msongo wa fedha. Sijui kwa nini nusu hiyo huonekana haina uzito.

Takwimu inayotumika zaidi kumnyamazisha mwalimu wa Tanzania, hata hivyo, ni ya Benki ya Dunia ya mwaka 2014: wakaguzi walipofika shuleni bila taarifa, karibu nusu ya walimu hawakuwa darasani. Nusu! Nimeisikia redioni, nimeisikia kwenye daladala, na kila mara inaishia hapo. Ukiifungua utakuta walioikosa shule yenyewe walikuwa kama asilimia 14. Waliobaki walikuwa palepale shuleni, ila nje ya darasa. Sasa tuulizane walikuwa wapi.

Wapo waliokuwa chini ya mwembe wakipiga soga. Hilo anayewafahamu walimu halikatai. Lakini ingia shule ya msingi ya kijijini saa nne asubuhi. Mwalimu wa taaluma yuko ofisini anajaza takwimu zilizotakiwa halmashauri tangu jana. Mwingine yuko na fundi, maana fedha za darasa zimeshushwa na shule ndiyo inayosimamia ujenzi, hadi kuhesabu mifuko ya saruji. Wa tatu kaitwa kwenye kikao kwa mratibu wa elimu kata. Wa nne ana rundo la madaftari mezani, kwa sababu kiwango cha wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja kimekaa kwenye nyaraka na yeye anasahihisha mara mbili au tatu ya hapo. Sikuhizi kuna na PEPMIS, mfumo wa kujaza kazi zako kwa simu ili upimwe utendaji. Simu yako, bando lako, na usipojaza, daraja lako liko shakani. Anayeiona nusu ile kuwa ni uvivu mtupu afanye kazi ya kutenganisha hayo kwanza.

Hata hivyo, jambo ambalo upande wa bajeti hauligusi kabisa si nyongeza. Ni deni. Mwalimu anaidai serikali fedha ambayo serikali yenyewe imekubali kwa maandishi kwamba ni yake: nauli za likizo, malimbikizo ya mshahara, fedha za matibabu, na zaidi ya yote, uhamisho.

Chukua msawazo wa ikama, ule utaratibu wa kutoa walimu shule zenye wengi na kuwapeleka zenye wachache. Kwa sera ni jambo zuri. Mwalimu anapewa barua leo, aripoti kituo kipya ndani ya siku kadhaa. Kwa kanuni anastahili nauli yake na ya familia, gharama za mizigo, posho ya kujikimu na posho ya usumbufu. Mawaziri wa Tamisemi, wizara inayosimamia halmashauri, kwa nyakati tofauti wamepiga marufuku kumhamisha mtumishi kabla fedha hazijatengwa. Anachopewa ni barua. Kuna na mtindo wa kumshauri aandike mwenyewe kwamba anaomba kuhama, kwa kuwa anayehama kwa maombi binafsi halipwi kitu. Mwenye msimamo anakataa, anakodi kirikuu, anapakia kitanda na magodoro, anaondoka kwa fedha aliyokopa.

Alikopa wapi? Benki hawezi, au hawezi tena. Utaratibu unataka makato yakishaondolewa, mtumishi abaki na angalau theluthi moja ya mshahara, na wengi theluthi yao ilishafikiwa zamani kwa mkopo wa kiwanja au ada ya mtoto. Kanuni hiyo imewekwa kumlinda. Lakini mtaani hakuna theluthi. Kuna kausha damu, mikopo ya mtaani yenye riba kali, na dhamana yake ni kadi ya benki pamoja na namba ya siri. Mshahara ukiingia, wa kwanza kufika kwenye mashine ni mkopeshaji. Anatoa chake na riba yake, kisha mwalimu anakabidhiwa kilichobaki. Viongozi wetu wanapenda kuwaonya walimu juu ya mikopo hii, wakisema hawana elimu ya fedha. Mtu anayefundisha asilimia na riba darasa la sita haelewi riba? Anaielewa vizuri. Ameikubali kwa sababu mwajiri wake amechukua mkopo kwake bila riba, bila tarehe ya kurejesha na bila kumuuliza.

Kwa hiyo ile hesabu ya bilioni 300 haijibu suala hili. Hapa hatuzungumzii fedha mpya. Tunazungumzia fedha ambayo kazi yake imeshafanyika na barua yake imeshasainiwa.

Kuhusu heshima sitasema mengi. Februari 2009, mkuu wa wilaya wa Bukoba aliamuru polisi awachape viboko walimu 19 wa shule za msingi, kosa lao uchelewaji na matokeo mabaya ya mtihani. Alifukuzwa kazi upesi, na vizuri. Lakini mkoa huohuo wa Kagera, mwaka 2018, mwanafunzi wa shule ya msingi Kibeta alifariki baada ya kupigwa na mwalimu wake, na mzazi anayesita kumheshimu kila mwenye chaki ana haki ya kusita. Mimi nadhani yote mawili yanatoka katika imani moja, kwamba matokeo hupatikana kwa kumtia aliye chini yako hofu. Kiongozi anayemvua mwalimu mkuu cheo mbele ya mkutano wa hadhara leo hajaiacha imani hiyo. Ameacha fimbo tu.

Serikali imejaribu kurekebisha baadhi ya mambo, na ni haki isemwe. Upandishaji wa madaraja ulisimamishwa 2016 kupisha uhakiki wa watumishi, na waliopoteza miaka hapo walikuja kuanza kupandishwa kwa mserereko, yaani kurushwa hadi daraja ambalo wangekuwa wamefika. Mkupuo wa kikokotoo, yaani sehemu ya pensheni anayolipwa mstaafu kwa mara moja, nao uliongezwa mwaka 2024 kutoka asilimia 33 hadi 40 kwa kundi ambalo wengi wa walimu wamo. Hizi ni hatua za kweli, na zimetoka kwenye bajeti hiihii inayoambiwa haitoshi.

Ila mserereko unamfikia aliye kazini. Pensheni inakokotolewa kwa mishahara ya miaka ya mwisho ya utumishi. Mwalimu aliyestaafu 2019 akiwa amekwama daraja moja kwa miaka mitatu, ile miaka ndiyo iliyotumika kupiga hesabu yake, mkupuo na ya kila mwezi, mpaka atakapofariki. Wenzake wamesererekea mbele. Yeye hana cheo cha kupanda, hana chama kinachomkata asilimia 2 ya mshahara ili kimsemee, na hayumo kwenye orodha ya madai yoyote niliyowahi kuiona imebandikwa ubao wa matangazo wa halmashauri.