Namba Haina Ngeli

Mwaka jana kikundi chetu cha kuweka na kukopa kiliombwa kuonyesha mkataba wa pango la ofisi. Katibu ni mimi, na ni mimi niliyesimama mbele ya wanachama nikasema kwa kujiamini: mkataba upo, ulishapigwa skani, uko mtandaoni, nipeni dakika mbili. Nikaandika "mkataba" kwenye kisanduku cha kutafutia. Yakaja mafaili manne, mawili kati yake yakiwa ya ukumbi wa harusi ya binamu yangu. Nikaandika "pango". Hakuna. Nikaandika jina la mwenye nyumba. Hakuna. Dakika mbili zikawa arobaini, mpaka mweka hazina wetu, mama mtu mzima ambaye simu yake ni ya kitochi, akafungua mkoba na kutoa nakala ya karatasi bila kusema neno.

Faili lilikuwemo muda wote. Nililikuta usiku ule baada ya kufungua moja baada ya jingine: DOC-20210318-WA0004.pdf. Lilipigwa skani kwenye steshenari ya mtaani, likaja kwangu kwa WhatsApp, nikalipakia kama lilivyokuja. Ukurasa wa kwanza ulikuwa umelala ubavu, na kichwa chake kilisomeka TENANCY AGREEMENT, maana mwanasheria aliyeuandaa aliandika kwa Kiingereza. Kwa hiyo karatasi ilisema Kiingereza, mimi nilikumbuka kwa Kiswahili, na jina la faili lilitungwa na simu.

Tangu siku hiyo najiuliza kosa lilikuwa la nani. Yako majibu mawili yanayovutana, na kila moja lina watetezi wenye akili zao.

La kwanza ni la wahandisi. Gmail ilipozinduliwa tarehe 1 Aprili 2004 ilikuja na wito wa kutafuta badala ya kupanga: usihangaike na folda, weka kila kitu, mashine itakutafutia. Google Drive, ghala lao la kuhifadhi mafaili mtandaoni, ilipofuata Aprili 2012 ilibeba imani hiyohiyo. Wala si imani ya kubezwa. Folda ina udhaifu ambao kila aliyewahi kukaa ofisini anaujua: risiti ya saruji ya darasa jipya iende kwenye "Risiti", kwenye "Ujenzi" au kwenye "2022"? Zamani Drive iliruhusu faili moja kukaa ndani ya folda kadhaa kwa pamoja. Kuanzia mwishoni mwa Septemba 2020 uwezo huo ukaanza kuondolewa. Faili likabaki na makazi mamoja, na kwingine unaweka njia ya mkato tu. Anayetegemea folda pekee analazimika kukumbuka leo alichoamua siku ile ya kupakia, akiwa na haraka, bando likikaribia kuisha.

La pili ni jibu la masjala. Waliofanya kazi serikalini wanamkumbuka karani wa masjala: jalada lina namba, namba iko kwenye daftari, na jalada likitoka linasainiwa limekwenda kwa nani. Ukimwambia "lile la kiwanja cha yule mzee wa Mbagala", anakwenda kabatini moja kwa moja. Kupanga na kutafuta vilikuwa kazi moja, ndani ya kichwa kimoja. Watetezi wa jibu hili wanasema tatizo letu ni uvivu: tumepewa kabati lisilojaa upesi, tukaacha kuandika daftari.

Watafiti nao wamevutana, na cha kuchekesha ni kwamba jina moja limo pande zote mbili. Mwaka 2008 Ofer Bergman na wenzake, akiwemo Steve Whittaker, walichapisha utafiti kuhusu watu waliopata programu bora za kutafuta ndani ya kompyuta zao. Bado wengi walipendelea kufungua folda. Kutafuta waliliacha liwe kimbilio la mwisho, pale wanaposahau kabisa faili liko wapi. Mwaka 2011 Whittaker huyohuyo na wenzake wengine wakaangalia baruapepe: watumiaji 345, zaidi ya mara 85,000 za kurudia ujumbe wa zamani. Safari hii waliojenga folda nyingi hawakufanikiwa zaidi ya wengine, na muda walioutumia kupanga haukuwarudia. Kutafuta kulishinda.

Sioni kwamba matokeo hayo yanapingana. Baruapepe huzaliwa na cheti chake: imetoka kwa nani, imekwenda kwa nani, siku na saa, kichwa cha habari, na maneno yenyewe yako wazi yanasomeka. Faili lililopigwa skani steshenari likapita WhatsApp huzaliwa bila chochote. Halina mwandishi wa kweli, halina kichwa, na tarehe yake ni ya siku lilipotumwa, si ya siku mkataba uliposainiwa. Ukitaka mashine ikutafutie kitu kisicho na kumbukumbu, umeidai isichopewa. Nikiamua kesi yangu mwenyewe, basi lawama kubwa naibeba mimi.

Lakini si yote, kwa sababu kuna jambo ambalo sisi tunaoandika Kiswahili inabidi tulitazame kwa macho yetu. Maelekezo ya Google kwa waunda programu yanasema wazi kwamba kutafuta kwa jina la faili katika Drive hulinganisha mwanzo wa neno tu. Mfano wao ni faili liitwalo HelloWorld: ukiandika Hello unalipata, ukiandika World hulipati. Kwa anayeandika Kiingereza hasara ni ndogo, kwa sababu neno lake hukua mkiani. Anayeandika contract anayapata na ya contracts na ya contractor bila jasho. Neno letu hukua kichwani. Mkataba, mikataba. Cheti, vyeti. Kitambulisho, vitambulisho. Jina, majina. Vitenzi ndiyo usiseme: tulilipa, wamelipa, hajalipa, na nomino yake malipo. Mzizi umejificha ndani kama kokwa la embe, na kwa mashine inayosoma kuanzia kushoto hayo ni maneno manne yasiyojuana.

Tabia hii ya kusoma mwanzo si ya Drive peke yake. Amazon S3, ambayo tangu Machi 2006 imekuwa ghala la nyuma la tovuti na programu nyingi, haina hata folda za kweli. Ina majina marefu yenye mikwaju (/) ndani yake, na mwenye kutaka orodha hutaja mwanzo wa jina, akipewa vitu visivyozidi 1,000 kwa ombi moja. Hiyo ni njia nafuu na ya haraka ya kupekua mabilioni ya majina, siwalaumu walioichagua. Ila unafuu huo umekaa upande wa lugha zenye viambishi vya nyuma, na sisi tunalipia tofauti kwa muda wetu.

Nimegundua kwamba maneno yanayonusurika ni yasiyobadilika kichwani: risiti, barua, hati, ankara, ripoti, fomu, picha. Ngeli ya I-ZI yote. Mwalimu wangu wa Kiswahili wa kidato cha pili angecheka kusikia kuwa ngeli nimekuja kuzithamini nikiwa natafuta PDF.

Na namba haina ngeli. Wiki chache baada ya ile aibu ya mkataba nilihitaji fomu ya kuunganishiwa umeme. Sikukumbuka jina lake wala mwaka. Nikaandika namba ya mita ya LUKU kama ilivyo, na ikatokea picha niliyoipiga mwenyewe kwa simu, ya karatasi iliyokunjwakunjwa, yenye jina la IMG na tarakimu. Mashine ilikuwa imesoma namba ndani ya picha. Hapo wahandisi wapewe heshima yao. Hakuna karani wa masjala ambaye angeweza kukumbuka tarakimu kumi na moja zilizoandikwa kwenye kona ya karatasi moja kati ya maelfu.

Usomaji huo nao una mwisho wake. Mwongozo wa Google umekuwa ukieleza kwamba kwa PDF yenye maandishi, zinazoingia kwenye faharasa ya kutafutia, yaani orodha ya maneno ambayo mashine huipekua, ni kurasa 100 za mwanzo, na kwa PDF iliyo picha tupu ni kurasa 10 za mwanzo. Sasa fikiria katibu anayekusanya mihtasari ya mwaka mzima, kurasa sitini, akaipeleka steshenari ikarudi faili moja. Kikao cha Februari kitaonekana. Cha Novemba, chenye uamuzi wa kumfukuza mwanachama, hakitaonekana, na skrini itasema hakuna matokeo.

Hayo maneno "hakuna matokeo" ndiyo yananikera kuliko kingine chochote katika suala hili. Yanatumika kwa hali nyingi zisizofanana. Faili halipo. Faili lipo ila sijalisoma lote. Limepakiwa sasa hivi, bado halijaingia kwenye faharasa. Liko kwenye pipa la taka, ambalo Drive hulisafisha baada ya siku 30. Lilikuwa la mtu mwingine aliyekushirikisha, naye ameondoa ruhusa au amefunga akaunti. Karani wa masjala angekwambia "jalada liko kwa Afisa Utumishi tangu Jumanne". Kisanduku hakikwambii lolote, na mtu anaondoka akiamini hati imepotea. Hilo la kushirikishwa linaumiza vikundi zaidi ya watu binafsi: katibu anamaliza muda wake, anaondoka na akaunti yake, na nusu ya kumbukumbu za kikundi zinaondoka naye, ingawa jana tu kila mmoja alikuwa akizifungua kama zake.

Kuna gharama nyingine ambayo wanaosifu kutafuta hawaitaji mara kwa mara. Ili mashine ipate neno lililo ndani ya hati yako, lazima kwanza iisome hati yako. Huduma kama MEGA na Proton Drive hufunga faili kwa ufunguo likiwa bado kwenye kifaa chako, kwa hiyo seva yao inabeba kitu isichokielewa. Faida yake inaeleweka. Hasara yake ni kwamba seva isiyoelewa haiwezi kukutafutia yaliyomo. Unabaki na majina, na hayo pia hufunguliwa kwenye simu au kompyuta yako kwanza. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ina ya kwake ya 2019. Kikundi kinachotunza nakala za vitambulisho na orodha ya wanaodaiwa hakiwezi kujifanya hakijasikia. Mimi kwa orodha ya madeni nachagua kabati lililofungwa, hata likinisumbua kutafuta. Kwa mihtasari na ramani ya ofisi, wenye huduma wasome tu.

Wapo watakaosema haya yote yanapitwa na wakati, kwa kuwa akili mnemba inatafuta kwa maana badala ya herufi, na itajua yenyewe kuwa pango na tenancy ni ndugu. Inawezekana, na ningefurahi. Ila mashine ya namna hiyo inahitaji kusoma zaidi, si kusoma kidogo, kwa hiyo suala la ufunguo linarudi palepale likiwa zito zaidi. Na mkataba wangu uliolala ubavu bado inabidi kwanza ugeuzwe ukae wima.

Halafu kuna Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari na intaneti ikalegea Tanzania, Kenya na majirani. Siku kama ile huwa hakuna mjadala wa folda au kutafuta. Aliyekuwa na nakala kwenye kompyuta alifanya kazi, aliyeweka kila kitu mtandaoni alisubiri.

Mimi nimeanza kubadilisha majina ya mafaili ya kikundi, jioni moja moja. Tarehe mbele, mwaka ukitangulia. Kisha neno la I-ZI, kisha namba kama ipo, kisha neno la Kiingereza lililo juu ya karatasi, kila neno limeachiwa nafasi yake. Ule mkataba sasa unaitwa "2021-03-18 hati pango ofisi tenancy". Nimefika Juni 2022. Mweka hazina bado anatembea na mkoba.