Gukesh Hakupewa Ubingwa

Jana jioni, kwenye kijiwe cha kahawa ninachopita Magomeni, mzee mmoja ninayemheshimu sana alisema kwamba Gukesh Dommaraju wa India alipewa ubingwa wa dunia wa sataranji, kwa kuwa bingwa mtetezi, Ding Liren wa China, alikosea mwenyewe. Nilimwamkia, nikakaa, nikanyamaza kwa adabu. Hata hivyo, maneno yale yalinikera, kwa sababu nimeyasikia mara nyingi tangu Desemba 12, 2024, siku pambano la Singapore lilipomalizika, na kila ninapoyasikia naona tunawadhulumu wachezaji wote wawili.

Kosa lenyewe silitetei. Katika hatua ya 55 ya mchezo wa 14, matokeo yakiwa 6.5 kwa 6.5, Ding aliiweka ngome yake mahali ambapo Gukesh aliweza kubadilishana nayo, ilhali askofu wa Ding alikuwa kwenye kona ya ubao hana pa kukimbilia. Maaskofu nao wakabadilishana, wakabaki wafalme na askari, na askari mmoja wa ziada wa Gukesh akatosha. Hatua tatu baadaye bingwa mtetezi alisalimu amri.

Lakini kosa lile lilifikaje pale? Ding ndiye aliyekuwa na kete nyeupe siku ile, na ndiye aliyepunguza kete ubaoni, akakubali hata kupungukiwa askari mmoja, akiamini kwamba sare ingepatikana na ubingwa ungeamuliwa kesho yake kwa michezo ya muda mfupi, kama ulivyoamuliwa mwaka 2023 kule Astana alipomshinda Ian Nepomniachtchi. Gukesh aliikataa sare hiyo kwa kuendelea kucheza. Kila hatua yake ilimlazimisha mwenzake kutafuta jibu sahihi, kisha jingine, huku akili ikiwa imechoka kwa karibu wiki tatu za pambano. Wacheza drafti wa kijiwe kile kile wanalijua jambo hili kuliko mtu yeyote. Nimewaona wakipanga vizibo vya soda baada ya magharibi, mmoja akiwa amezidiwa kizibo kimoja tu, na mwenzake asimpe nafasi ya kupumua mpaka mkono uguse kizibo kisichostahili kuguswa. Sijawahi kumsikia yeyote pale akisema kwamba mshindi amepewa. Kwa nini basi kijana wa miaka 18, aliyeuanza mchezo wa kwanza kwa kufungwa akiwa na kete nyeupe, na bado akarudi kushinda wa tatu na wa 11, anyimwe heshima tunayompa jirani yetu?

Nakubali kwamba pambano halikuwa na ubora wa juu kila siku. Bingwa wa zamani Vladimir Kramnik alililaani kosa lile kuwa la kitoto, na ana haki ya maoni yake.

Linaloniumiza zaidi ni Ding. Alikwenda Singapore baada ya kipindi kigumu cha huzuni na uchovu ambacho yeye mwenyewe alikieleza hadharani, na wengi walitabiri kwamba angeshindwa mapema, pengine bila kushinda mchezo hata mmoja. Alishinda wa kwanza. Alipofungwa mchezo wa 11 watu walisema amekwisha, naye siku iliyofuata akashinda wa 12 kwa ustadi ambao ningependa kila kijana anayejifunza sataranji hapa Dar es Salaam aonyeshwe hatua kwa hatua. Mtu anayesema ubingwa uligawiwa bure anaifuta kazi hiyo yote, anamwachia Ding hatua moja tu ya michezo 14.

Leo nitarudi Magomeni na ubao wangu. Nitampangia mzee mchezo wa 12 kwanza, kisha ule wa 14 kuanzia pale ambapo sare ilikuwa bado ipo, na nitamwomba akae upande wa kete nyeupe.