Tembo wa Saadani: mpanda miti au mvunja miembe?

Mwembe alionionyesha mzee mmoja wa Matipwili, kijiji jirani na Hifadhi ya Taifa ya Saadani, ng'ambo ya mto Wami, ulikuwa umepasuka katikati, tawi moja likining'inia kwa gome tu. Chini yake embe changa zilikuwa zimekanyagwa, na pembeni kinyesi cha tembo, rundo la kujaza ndoo. "Mwanangu, huu niliupanda mwaka alipozaliwa kifungua mimba wangu, naye sasa ana mtoto," aliniambia. "Nyie mnasema tembo anapanda miti. Huu aliupanda nani?"

Wanaosema tembo ni mpanda miti hawabuni. Tembo mzima hula zaidi ya kilo 100 za majani, magome na matunda kwa siku, na sehemu kubwa hutoka bila kusagika. Mng'ongo, mti wa porini ambao wengine huuita marula, ndio mfano mzuri zaidi. Kokwa yake ni ngumu kama jiwe, ina vifuniko vidogo viwili au vitatu ambavyo chipukizi hutokea hapo. Ikipita tumboni mwa tembo vifuniko vile hulegea, kwa hiyo huota kwa urahisi kuliko ile iliyoozea chini ya mama yake. Safari hiyo ya tumboni huchukua siku moja, mbili, hata zaidi, na tembo hakai mahali pamoja. Watafiti waliofuatilia tembo wa Kruger, Afrika Kusini, walikadiria kwamba mbegu inaweza kufikishwa hadi kilomita 65. Hakuna ndege wala nyani wa kuifanya kazi hiyo.

Lakini tembo huyohuyo huja kuung'oa mng'ongo alioutawanya, na wakati wa kiangazi huchana magome ya mbuyu kwa pembe ili afyonze maji yaliyo kwenye nyuzi zake. Penye nafasi pori huponya majeraha hayo, kwa sababu kundi huhama na miti ikapumua. Saadani, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ina takriban kilomita za mraba 1,100. Upande mmoja ni bahari, pande nyingine ni vijiji na mashamba. Hapo tembo akihama anahamia kwa mtu.

Na pwani yetu ilisahau kuishi naye. Karne ya 19 Bagamoyo ndipo misafara ya kutoka Tabora na Ujiji ilipoishia, meno ya tembo mabegani mwa wapagazi. Babu zetu wengi walipanda miembe na mikorosho wakati tembo walikuwa wamepungua sana. Simlaumu mzee kwa kumwona mgeni.

Hapa ndipo ninapotofautiana na watetezi wa tembo, ingawa nami ni mmoja wao. Faida ya mbegu zinazotawanywa ni ya nchi nzima, hasara ya mwembe ni ya nyumba moja. Kifuta jasho, malipo ya serikali kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyamapori, hukadiriwa kwa ekari, kipimo kinachofaa mahindi, ambayo mwakani unapanda tena. Mwembe haurudi mwakani. Ningependa mti uhesabiwe kama mti, pamoja na umri wake na mavuno yaliyokuwa yanakuja.

Kuna uzio wa kamba zenye vitambaa vilivyochovywa oili chafu na pilipili. Unasaidia, nimemwona tembo akisimama mbele yake, akanyanyua mkonga, akageuka. Ila mvua huusafisha, na embe huiva kuanzia Novemba, mvua za vuli zikiwa bado zinanyesha. Unapouhitaji zaidi ndipo unapotakiwa kuupaka upya kila mara, na oili hununuliwa.

Wakulima nao nawaambia bila kuwaficha: mkwaju na mng'ongo tunaoukata kwa mkaa wa kupeleka Dar es Salaam ni chakula cha tembo. Pua yake inanusa mbali mno. Akikosa tunda porini, harufu ya embe zako itamfikia kabla hujazichuma.

Kabla sijaondoka, mzee alilifukua lile rundo la kinyesi kwa ncha ya fimbo. Zilitoka kokwa nne, tatu za embe na moja ya mng'ongo. Ile ya mng'ongo aliipangusa kwenye nyasi, akaitia kwenye mfuko wa shati.

"Hii nikiizika hapa ikaota," aliuliza, "mti utakuwa wangu, au mtakuja kuniambia ni wa hifadhi?"