Likirimba, mbegu za maharagwe na blokicheni

Anayetaka kufundisha blokicheni, yaani daftari la malipo la kidijitali ambalo kila mshiriki ana nakala yake, hapa Bukavu asianze na kompyuta, wala asianze na Bitcoin, ile sarafu ya kidijitali. Aanze na likirimba, mchezo wetu wa upatu: watu wanachanga, kila mmoja anapokea kwa zamu. Ni mtoto gani wa Kadutu hajamsikia mama akinung'unika kwamba mwandishi "amesahau" kuandika mchango wake? Daftari moja, kalamu moja, mtu mmoja: shida yote imekaa hapo.

Darasani nagawa madaftari sita kwa vikundi sita, na mbegu za maharagwe badala ya franka. Kila malipo yanatangazwa kwa sauti, wote wanaandika. Ukurasa ukijaa unapigwa muhuri: jumlisha malipo, ongeza muhuri wa ukurasa uliotangulia, ongeza namba yoyote ya kubahatisha, zidisha kwa 37, chukua tarakimu mbili za mwisho. Lazima zianze na sifuri. Zikikataa, jaribu namba nyingine. Kikundi cha kwanza kufaulu kinapata mbegu tano. Huo ndio unaoitwa "uchimbaji" wa Bitcoin, bila mashine wala umeme.

Mapumziko yakifika, naiba. Kwenye daftari moja, ukurasa wa pili, 20 inageuka 50. Wakirudi kukagua, muhuri wa pili haulingani, wa tatu umejengwa juu ya wa pili, na madaftari matano yanalishitaki la sita. Hata nikikaa kutafuta mihuri mipya, hayo matano bado yananikana. Kelele za dakika hiyo sijawahi kuzipata kwa ubao na chaki.

Mwaka huu msichana mmoja alinishinda. Aligundua kwamba jumla, kabla ya kuzidisha, ikiishia na sifuri mbili, muhuri ni 00 siku zote, akazoa zawadi zote. Nilifurahi kuliko nilivyoaibika, maana alinifungulia mlango wa SHA-256, hesabu inayotumiwa na Bitcoin: hiyo hadi leo haijulikani njia yake ya mkato, ni kubahatisha tu, na ndiyo maana inakula umeme. Huko kwenye hifadhi ya Virunga, mwaka 2020, mtambo wa umeme wa maji wa Luviro ulianza kulisha mashine za kazi hiyo.

Walimu wengi mchezo huu wanaumalizia kwenye kumkamata mwizi. Mimi naongeza raundi: kikundi kinatangaza mbegu ambazo hazipo. Wote wanaandika, muhuri unakubali, kurasa zinashikana vizuri kabisa. Sisi wa Kivu tunajua gunia la koltani linavyoweza kuvishwa lebo ya mgodi ambako halikutoka. Wanaotuahidi kwamba blokicheni itasafisha biashara ya madini ningewakalisha kwenye raundi hii, na bakuli tupu mbele yao.