Ni kweli nimefomati harusi ya watu, ila nisikilizeni na mimi

Mlioko kwenye lile kundi mmeshapata toleo la jamaa yangu, lenye sauti za kilio na katuni ya fundi aliyeshika nyundo. Sikatai. Ila kuna alichoongeza na kuna alichoruka, na mbele ya kioo nilikaa mimi. Bora aibu yangu niisimulie mwenyewe.

Laptopu ni ya enzi za Windows Vista, na Vista kwenye RAM ya GB 1 ni mateso. Unabofya, unakwenda kuoga, unarudi, kale kaduara bado kanazunguka. Jamaa akataka airudishe kwenye Windows XP, ile ya 2001. Tatizo, mlango wa sidii ulikufa siku nyingi, na kwenye orodha ya vitu ambavyo mashine inaweza kuwakia, flashi haimo. Fundi mwenye akili zake angemrudishia mtu mali yake. Mimi nikasema, "Lete. Sidii ya nini?"

Ukijaribu kuingiza XP ukiwa ndani ya Vista inakugomea, inasema iliyomo ni mpya kuliko unayoileta. Nikaamua kupitia uani, yaani DOS, ule mfumo wa zamani wa kioo cheusi na kuandika amri. Nikaipunguza C, sehemu ya diski yenye Vista, nikapata GB 20, nikaifanya sehemu ya pili, D, nikaifomati harakaharaka na kumwaga humo folda ya I386, yenye mafaili ya kuingizia XP. Halafu nikaweka kiprogramu cha GRUB4DOS, ili mashine ikiwaka iniletee DOS kutoka kwenye faili la flopi lililolala mlemle kwenye diski. Diski hupangwa mafaili kwa mtindo wa FAT32 au NTFS; D niliifanya FAT32, kwa sababu DOS haioni NTFS.

Hilo lishikeni. Nilimweleza jamaa kwa kinywa changu, kidole juu kama mwalimu: "DOS ni kipofu kwa NTFS. C yako ni NTFS. Haiioni kabisa, kaka."

Akauliza, na picha zangu za harusi? Nikamwambia nimezihamishia D, pamoja na mafaili ya XP, kwa sababu inayofutwa ni C. "D ni salama kuliko benki." Maneno hayo alikuwa anayarekodi. Ndiyo ile sauti mnayotumiana.

Sasa twende polepole.

Kioo cheusi. A: inapepesa. Nikaandika format c: nikamgeukia jamaa kidogo, kama mchezaji anayewaangalia mashabiki kabla ya penalti. Enta. DOS ikanionya kwamba kila kitu kilichomo C kitapotea, niendelee? Nikabonyeza Y kwa kidole cha mwisho, kwa madaha. Ikaandika kwamba inafomati megabaiti elfu ishirini na ushee.

Tusimame hapo. C ilikuwa na GB 54. Hizo elfu ishirini zilikuwa za nani? Macho yaliona. Kichwa kilikuwa bize kupokea pongezi.

Asilimia zikapanda moja moja. Jamaa akavuta kiti. Ilipofika 40 akauliza, "Hiyo ndiyo ile kubwa?" Nikamwambia, "Tulia, kaka, usinivurugie." (Ninyi mnaocheka huko, kuna mmoja wenu aliwahi kufomati flashi ya bosi wake. Nimenyamaza.) Ikafika 100, ikaniuliza niipe diski jina. Nikaandika MPYA. Jamani, nilipata hadi muda wa kuibatiza!

Nikaandika D: ili niingie I386 niiite WINNT, programu ya kuingiza XP, kazi ianze. DOS ikajibu kwamba haijui diski kama hiyo. Nikadhani nimekosea kuandika. Herufi moja na nukta mbili, mtu anakoseaje? Nikarudia. Haijui. Nikajaribu E:, kwa kuhangaika tu. Haijui. Nikarudi C, nikaandika dir. Hakuna faili hata moja. Nafasi tupu, karibu GB 20.

Mgongo ukapoa. Kama DOS haiioni C, sasa muda wote huu ilikuwa inamwita nani C? DOS inagawa herufi kwa inachokiona. Kisichoonekana hakipewi herufi. Na kilichoonekana mle ndani kilikuwa kimoja tu, kile nilichokitengeneza mimi kwa FAT32 ili kionekane.

"Vipi?" jamaa akauliza.

"Inapanga."

"Inapanga nini?"

"Inajipanga."

Nikazima, nikawasha, huku naomba dua. Ikawaka Vista. Nzima, haina hata mkwaruzo, na kaduara kake. Niliyekuja kumzika ndiye aliyenifungulia mlango.

Jamaa hakunipiga. Alimpigia mkewe, shemeji akaomba kuongea na mimi, na aliyoniambia siyaandiki humu. Diski nikaichomoa, nikaichomeka kwenye mashine yangu. Fomati ile ilifuta orodha, haikufuta picha zenyewe, kwa hiyo PhotoRec, programu ya kufufua mafaili yaliyofutwa, ikakesha inazizoa. Zimerudi karibu zote. Majina ndiyo hayarudi, kwa hiyo bibi harusi sasa anaitwa f0238816.

Ila hiyo D, kabla sijaikata, ilikuwa sehemu ya C, na PhotoRec haichagui. Imezoa na vilivyofutwa miaka hiyo. Zikiwemo picha kadhaa ambazo jamaa alizifuta kabla ya kuoa, yuko na dada mmoja, wanacheka sana. Hicho ndicho alichokiruka kwenye sauti zake.

Na kazi ya kuzipanga ameichukua shemeji. Anafungua folda za PhotoRec moja moja, jana alikuwa recup_dir.3. Zile ziko recup_dir.7.