Michoro kwenye Mwili wa Tatiana Parcero Si Pambo

Lawama dhidi ya Tatiana Parcero, mpigapicha aliyezaliwa Jiji la Mexico mwaka 1967 na kuhamia Argentina, inafahamika: ameiba alama za wengine akazifanya pambo la picha zake. Yeye ni msomi wa mjini aliyesomea saikolojia, akaenda New York kusomea picha, kisha akajivika alama za jamii asilia ambazo wajukuu wao bado wanadharauliwa kwa lugha yao. Lawama hii ina mzizi. Tangu miaka ya 1920 serikali ya Mexico imekuwa ikipamba kuta zake kwa Waazteki wa kale, waliotawala huko kabla ya Wahispania, huku shuleni watoto wa vijijini wakisukumwa waache Kinahuatl, lugha ya Waazteki hao, wazungumze Kihispania. Anayezigusa alama hizo leo lazima aulizwe anazifanyia nini.

Ila wengi wanaolaumu wameziona picha zenyewe kwenye simu, na kwenye simu zinaonekana kama chale au piko. Sivyo zilivyo.

Katika mfululizo wa Cartografía Interior, yaani Ramani ya Ndani, wa katikati ya miaka ya 1990, picha ni matabaka mawili. Chini kuna picha ya rangi ya mchoro: ukurasa wa kodeksi, vile vitabu vya kale vya michoro, au mchoro wa viungo vya mwili. Juu yake kuna mwili wake mwenyewe kwa rangi nyeusi na nyeupe, umechapwa kwenye asetati, plastiki inayopitisha mwanga. Penye weusi, plastiki huziba. Penye weupe, huacha cha chini kionekane. Kwa hiyo mchoro hutokeza pale tu taa ilipoangukia ngozi, kwenye paji la uso, shavu au kiganja, na humezwa na kivuli cha shingo.

Ukijaribu kwa kuchukua picha ya kawaida na kuichapa kwenye asetati, utaharibu. Weusi wa matabaka mawili hujumlishwa, na uso unageuka rangi ya matope. Inabidi mwili umulikwe sana, asetati ichapwe iwe hafifu kuliko ambavyo ungeikubali kwenye karatasi, na mchoro uwe na mistari minene, maana mistari myembamba hupotelea kwenye vinyweleo. Plastiki hunasa vumbi. Ikigusana na karatasi inayong'aa, hutokea miduara ya rangi za upinde wa mvua; dawa yake ni karatasi isiyong'aa, au nafasi ndogo katikati. Ukiacha nafasi hiyo, mtazamaji akisogeza kichwa ataona alama imesogea kidogo chini ya ngozi. Simu haiwezi kukuonyesha hilo.

Mpangilio huu ndio hoja yenyewe: mwili uko juu, alama iko chini yake. Hakuna kilichovaliwa hapo.

Tena ngozi si ngeni kwa kodeksi. Kodeksi ya Borgia imechorwa kwenye ngozi ya kulungu iliyopakwa chokaa, vipande 39 vinavyokunjuka karibu mita 11. Alama zake 20 za siku, zikizungushwa na namba 1 hadi 13, huleta kalenda ya siku 260, na kwenye ukurasa mmoja alama hizo 20 zimepachikwa mwilini mwa mungu Tezcatlipoca. Katika Kodeksi Vaticanus A, iliyonakiliwa baada ya Wahispania kuja, zimefungamanishwa na viungo vya mwili wa mtu. Kuisoma kalenda mwilini hakukubuniwa na nyumba za sanaa za New York.

Na Borgia iko wapi? Vatikani. Kodeksi zilizochorwa kabla ya Wahispania na kusalimika hazizidi 20 hivi, na nyingi ziko Ulaya: Dresden, Madrid, Oxford, Vienna. Zilizobaki Mexico kwenyewe unazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, mojawapo ikiwa kodeksi ya Wamaya, jamii nyingine asilia, iliyothibitishwa kuwa halisi mwaka 2018 tu. Maana yake raia wa Mexico anavisoma vitabu vya nchi yake kwa nakala. Mtu kama huyo akiichukua nakala na kuitazama kupitia uso wake, halafu akaitwa mwizi, lawama imemkosa mwenyewe.

Mlaumu atajibu kwamba vitabu vilikuwa vya jamii asilia kama Wanahua, wasemaji wa Kinahuatl, na Wamixteki, si vya kila raia. Ni kweli. Lakini kwa miaka mingi wapigapicha walikwenda vijijini wakawapanga wanawake wa jamii hizo kama vielelezo, bila hata kuandika majina yao. Parcero hakumvua mtu nguo, alijivua mwenyewe.

Anapokosea ni kwenye majina. Kazi za mfululizo huo zina jina la mfululizo na namba, basi. Mnahua, Mmixteki na Mmaya wanaishia kuwa “kale” moja. Kurekebisha si kazi kubwa: mstari mmoja kwenye kibao cha ukutani, wenye jina la kodeksi, ukurasa, jamii iliyoichora na mahali inapohifadhiwa leo. Mtazamaji akikuta jina la mji wa Ulaya limeandikwa chini ya uso wa mwanamke wa Mexico, hataishia kuuliza kama mchoro ule ni pambo.